Serikali inamlazimishaje mwenye kiwanda kuunda gari ambalo soko halijaliulizia?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nauza magari yaliyotumika, mengi ya Japani, na yadi yangu ipo Dar es Salaam. Kila ubishi wa magari ya umeme ukianza pale yadi hakosi mmoja wa kusema kwamba California, Ulaya na China serikali zimeshawaamuru wenye viwanda watengeneze magari yasiyotumia petroli, watake wasitake. Hapo ndipo ninapokwama. Mtu ana kiwanda chake na mtaji wake, unamwamuruje atengeneze kitu ambacho mteja hajakiulizia? Magari yakidoda, hasara ni ya nani? Na kama jambo hili linawezekana, mbona sisi hatuna amri kama hiyo?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Huyo wa ubishi hajakosea, ila amri yenyewe haiko kama anavyoidhania. Hakuna ofisa anayeingia kiwandani kumwelekeza Ford au Toyota aunde gari lipi. Serikali inakaa mlangoni mwa soko na kusema: ukitaka kuuza magari kwangu, basi katika kila 100 utakayouza mwaka huu, kadhaa yawe ya aina hii. Yakipungua, utalipa faini au utanunua ziada ya mwenzako. Kama sharti hilo litaleta magari barabarani au litaishia kwenye makaratasi, inategemea jambo ambalo wanasiasa hulipita mbio siku ya kutangaza: sheria inahesabu nini. Marekani inatosha kulionyesha hilo, maana ilijaribu njia mbili karibu wakati mmoja, na kila moja ikafika kwake.

Nianze na California. Januari 1990 General Motors walionyesha mjini Los Angeles gari la majaribio la umeme waliloliita Impact, na miezi michache baadaye mwenyekiti wao, Roger Smith, akatangaza kwamba kampuni italiunda kwa ajili ya soko. California wakati huo ilikuwa inapambana na moshi wa magari uliokuwa ukiwachoma watu macho na mapafu, na ina chombo chenye meno, Bodi ya Rasilimali za Hewa. Wale wa bodi wakajiuliza: kama GM wenyewe wanasema inawezekana, tunasubiri nini? Septemba mwaka huohuo wakapitisha kanuni kwamba makampuni 7 yanayouza magari mengi zaidi jimboni lazima yafikishe asilimia 2 ya magari yasiyotoa moshi kabisa ifikapo 1998, asilimia 5 mwaka 2001 na asilimia 10 mwaka 2003. Sidhani kama kuna kampuni iliyowahi kulipia majigambo ya kwenye maonyesho kwa bei kubwa kama ile.

Utauliza jimbo moja linapata wapi ubavu wa kuwaamuru wakubwa wa dunia. Sheria ya hewa safi ya Marekani inayakataza majimbo kujitungia kanuni za moshi wa magari mapya, ila California ilikuwa imeshaanza yake kabla ya serikali kuu, kwa hiyo ikaachiwa nafasi ya kuomba kibali maalumu kila inapotaka kukaza zaidi. Majimbo mengine hayaruhusiwi kubuni kanuni, lakini yanaruhusiwa kunakili za California neno kwa neno. New York, Massachusetts na mengine kadhaa yakanakili. Kampuni ikiiacha California inaacha soko kubwa kuliko la nchi nyingi, na nyuma yake kuna foleni ya majimbo yanayofuata nyayo.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Betri za wakati ule zilikuwa za risasi na asidi, ndugu wa betri iliyo kwenye gari lako sasa hivi: nzito, na zinaisha mapema. GM walilitoa gari lao Desemba 1996 kwa jina la EV1, wakalikodisha tu bila kuliuza, na kwa chaji moja toleo la kwanza lilikwenda kilomita mia moja na kidogo. Jumla waliunda magari 1,117. Miezi kadhaa kabla ya hapo, Machi 1996, bodi ilikuwa imeshakubali kuzifuta hatua za 1998 na 2001 na kubakiza ile ya 2003 peke yake. Nayo haikufika salama. Makampuni yalikwenda mahakamani na hoja ya kisheria iliyochongwa vizuri: kanuni hii kwa kweli inagusa ulaji wa mafuta, na ulaji wa mafuta ni kazi ya serikali kuu tangu sheria ya 1975. Juni 2002 jaji wa mahakama ya shirikisho akaisimamisha kwa muda. Bodi ikaiandika upya mwaka 2003, ikazidi kuruhusu haibridi, yaani magari ya petroli yanayosaidiwa na mota ya umeme, na hata magari ya petroli yenye moshi mdogo sana, yachangie sehemu ya hesabu. EV1 zikarudishwa mikataba ilipokwisha, nyingi zikapondwa, chache zikapelekwa makumbusho na vyuoni zikiwa zimezimwa zisiweze kutembea.

Wengi hukatia hadithi hapo na kusema amri ilishindwa. Mimi sikubaliani nao. Kilichoshindwa ni ratiba, kwa sababu ratiba ilitangulia betri. Kanuni yenyewe ilibaki kitabuni, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho mwaka 1990 hakikumshtua mtu: pointi. Kila gari lisilotoa moshi lililouzwa jimboni lilimpa mtengenezaji pointi. Aliyepungukiwa alilipa faini ya dola 5,000 kwa kila pointi, au alimtafuta mwenye ziada wakaelewana bei. Sasa fikiria kampuni ambayo haina gari la petroli hata moja, kama Tesla. Yeye hana deni la pointi, kila gari anauza na pointi anauza. Mwaka 2020, mwaka wa kwanza Tesla kumaliza na faida, faida yote ilikuwa dola milioni 721, na mauzo ya pointi za namna hii, za California na za sheria nyingine zinazofanana nayo, yalikuwa dola bilioni 1.58. Ondoa pointi, ubaki na hasara. Pesa hizo zilitoka mifukoni mwa washindani wake.

Hapo una nusu ya jibu la nani anabeba hasara. Nusu ya pili aliieleza Sergio Marchionne, aliyekuwa akiongoza Fiat na Chrysler. Mwaka 2014 alisema hadharani mjini Washington kwamba anatumaini watu hawatalinunua gari lake la umeme la Fiat 500e, kwa kuwa kila moja linapouzwa linamtia hasara ya dola 14,000. Aliliuza hivyo hivyo, kwa idadi ambayo sheria ilimtaka na si zaidi. Magari ya aina hiyo yalikuwa mengi miaka ile: mtengenezaji anachukua kagari ka petroli, anang'oa injini, anatia betri, anakapeleka California na majimbo yaliyonakili, basi. Hasara haikai kwa mwenye hisa peke yake. Inatandazwa juu ya bei ya magari mengine, kwa hiyo aliyenunua pikapu kubwa ya petroli huko Texas alichangia kidogo gari la umeme la mtu asiyemjua. Iwapo huo ni uonevu au ni haki, sababu moshi wa pikapu nao unavutwa na asiyeipanda, watu wa uchumi bado wanabishana. Mimi naona ni haki, ila ingekuwa vyema mnunuzi aambiwe.

Njia ya pili ilianzia bungeni. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuhimiza nishati mbadala kwenye magari. Halikutoa amri, lilitoa zawadi. Kila mtengenezaji ana wastani wa ulaji wa mafuta ambao magari yake yote kwa pamoja lazima yaufikie. Sheria ikasema: ukiunda gari linaloweza kutumia petroli na pia ethanoli, yaani pombe ya mahindi iliyochanganywa hadi asilimia 85, tutalihesabu gari hilo kwa upendeleo. Chukua gari linalokwenda maili 25 kwa galoni ya petroli na maili 15 kwa galoni ya mchanganyiko huo. Sheria ilichukulia kwamba mwenye gari anajaza nusu kwa nusu, kisha kila galoni ya ethanoli ikahesabiwa kama galoni 0.15 tu. Zile maili 15 zikageuka 100, na gari zima likasomeka kwenye vitabu kuwa linakwenda maili 40 kwa galoni. Kumbe ni gari lilelile la jana.

Kulibadilisha gari liweze kunywa ethanoli hakugharimu sana: mipira na mabomba yasiyoliwa na pombe, sindano kubwa zaidi za kupulizia mafuta, na kompyuta ya injini inayotambua mchanganyiko. Makampuni yalichangamka. Wakayatia uwezo huo hasa yale makubwa yanayokunywa sana, pikapu na magari ya familia yenye viti saba, maana ndiyo yaliyokuwa yakiwaharibia wastani. Mamilioni yakaingia barabarani. Wenye magari wengi hawakujua kabisa kwamba wana gari la namna hiyo, hata ikafika GM wakaanza kuweka kifuniko cha njano kwenye tangi ili mtu ashtuke. Na aliyejua naye, kama hakai kwenye majimbo ya mahindi kama Iowa au Minnesota, sheli yenye ethanoli angeipata wapi? Wakajaza petroli, karibu wote, karibu siku zote. Ni sawa na kumwandikia mtu thawabu za sala kwa kuwa ana mswala ndani.

Ubaya wake haukuishia kwenye kutofanya kitu. Upendeleo ule, uliowekewa kikomo cha maili 1.2 kwa galoni kwenye wastani wa kampuni, ulimpa mtengenezaji nafasi ya kuuza magari mazito zaidi kuliko ambavyo angeruhusiwa. Sheria ya kupunguza petroli ikawa inaongeza petroli. Ilichukua hadi 2007 kupitishwa sheria ya kuupunguza kidogo kidogo, na ukafa baada ya 2019. Serikali yenyewe ilinaswa humohumo: sheria ya 1992 ilizitaka idara zake zihakikishe kwamba kuanzia 1999 robo tatu ya magari madogo wanayonunua ni ya nishati mbadala. Yakanunuliwa, yakajazwa petroli, mpaka mwaka 2005 ikabidi sheria nyingine iwaambie wayatumie kwa mafuta yaliyokusudiwa.

Ukidhani tatizo ni teknolojia, angalia Brazili. Walianza mpango wao wa pombe ya miwa mwaka 1975, bei ya petroli ilipokuwa imewakaba. Mwaka 1979 serikali ikakubaliana na watengenezaji, Fiat wakatoa gari la kwanza la pombe tupu, kodi ikashushwa, bei ya pombe ikawekwa chini ya petroli, na pampu zikawekwa nchi nzima. Katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya magari 9 katika kila 10 mapya yalikuwa ya pombe. Kisha mafuta yakashuka bei duniani, sukari ikapanda, wenye viwanda vya miwa wakaona afadhali sukari, na kufikia 1989 na 1990 pombe ikaadimika. Watu waliokuwa na gari lisilojua kitu kingine wakabaki kwenye foleni, na soko la magari hayo likaanguka. Mwaka 2003 Volkswagen wakatoa Gol ya mafuta mawili, wazo lilelile la Wamarekani. Safari hii likafanya kazi, kwa sababu pampu mbili zimesimama pamoja kila mahali na dereva wa Brazili ana hesabu yake kichwani: pombe ikiwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, jaza pombe. Hesabu hiyo haikuandikwa na bunge lolote.

Hao wengine wa ubishi wako nitawapitia upesi. China ilianza mfumo wake wa pointi mwaka 2018, ikidai asilimia 10 mwaka 2019 na 12 mwaka 2020, lakini hizo ni pointi, na gari moja lenye betri ya kwenda mbali liliweza kuleta pointi kadhaa, kwa hiyo magari halisi yaliyohitajika yalikuwa machache kuliko namba inavyosikika. Kilichowasukuma wanunuzi wa Shanghai na Beijing kwa nguvu zaidi, naamini, ni namba za usajili: ya gari la petroli ni mnada au bahati nasibu, ya umeme ilikuwa na mlango wake. Uingereza ilidai asilimia 22 ya magari mapya yawe ya umeme mwaka 2024. Yaliyouzwa yalikuwa asilimia 19.6, na bado makampuni yakahesabiwa kuwa yametimiza, kwa sababu kanuni inaruhusu kukopa kutoka miaka ijayo na kugeuza moshi uliopunguzwa kwenye magari mengine kuwa pointi. Mwaka 2025 serikali yao ikashusha na faini, kutoka pauni 15,000 kwa gari hadi 12,000.

Marekani nako mambo yamegeuka. California ilikuwa imeandika mwaka 2022 kwamba asilimia 35 ya magari mapya ya mwaka 2026 yawe yasiyotoa moshi au haibridi za kuchaji, ikipanda hadi 100 mwaka 2035. Juni 2025 Rais Trump akatia saini maazimio ya Bunge yanayoifutia kibali, na California ikafungua kesi siku ileile. Lakini kilichonivutia zaidi kilitokea mwezi uliofuata, bila makelele: sheria ya kodi ikaifanya faini ya kutofikia wastani wa ulaji wa mafuta kuwa dola 0. Masharti yote yakabaki kitabuni yalivyo, na kuyavunja kukawa bure.

Sasa twende kwetu, Afrika Mashariki. Amri ya namna hii humhitaji mtu wa kuamriwa. Tuna wanaounganisha magari, Nairobi na Mombasa, na Uganda wana Kiira Motors na mabasi yao ya umeme kule Jinja, lakini gari la mtu wa kawaida linashuka bandarini likiwa limeshatumika. Kwa hiyo kinachojaza yadi yako ni sheria ya Tokyo. Japani haikuchukua njia ya California. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wao huchukua gari linalokula mafuta kidogo kuliko yote katika kundi lake la uzito, wakalifanya kipimo ambacho wengine wote lazima wakifikie baada ya miaka kadhaa. Haijali njia uliyotumia. Watengenezaji wakaona njia nyepesi ni haibridi, na ndiyo maana leo mteja akikuuliza gari lisilokula mafuta unamwonyesha Toyota Aqua au Honda Fit haibridi, na Nissan Leaf unayo moja pembeni au huna.

Nchi isiyo na viwanda inabaki na mlango wa forodha na ofisi ya usajili. Norway haina kiwanda cha magari cha kutaja na haikumwamuru mtengenezaji yeyote. Iliyatoza ya petroli kodi nzito na kuyasamehe ya umeme kwa miaka mingi, na mwaka 2024 magari karibu 89 katika kila 100 mapya yalikuwa ya umeme. Ethiopia walichukua njia ya mkato Januari 2024, wakapiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli: fedha za kigeni zinaishia kwenye mafuta, na umeme wa maji wanao wao wenyewe. Vituo vya kuchajia nje ya Addis Ababa ndiyo shida yao sasa. Rwanda wameanza na pikipiki za abiria Kigali, ambako tangu 2025 mpya zinazosajiliwa kwa kazi hiyo ni za umeme.

Na Dar es Salaam tuna gesi ya Songo Songo, inayofika mjini tangu 2004. Bajaji na teksi zinazofungwa mitungi hazikuamriwa na mtu, ni bei ya gesi iliyowavuta wenyewe. Shida yetu imekaa kinyume na ya Wamarekani: wao walikuwa na mamilioni ya magari yasiyoiona pampu, sisi tuna madereva wanaoamka alfajiri kupanga foleni kwenye vituo vichache. Ningeombwa ushauri wa sharti la kuandika hapa, nisingehesabu magari. Ningewawekea wauza mafuta sharti la kilo za gesi na umeme wa kuchajia wanazouza kwa mwezi, tena kwa mkoa, ili Dodoma na Mwanza zisihesabiwe ndani ya Dar.

Kwa biashara yako ya leo, jambo moja ambalo hakuna sheria iliyokuandalia ni plagi. Leaf ya Japani huchajiwa haraka kwa plagi ya Kijapani, CHAdeMO, na magari ya umeme ya soko la China yanakuja na ya kwao. Kabla ya kuagiza, jua kituo kilicho karibu na mteja wako kina waya upi. Na ukiipokea Leaf ya toleo la kwanza, washa uangalie ukingoni mwa kipimo cha chaji kwenye dashibodi: vile vipande vidogo vya afya ya betri vinapaswa kuwa 12. Vikiwa 8 au 9, bei ya gari ishuke kabla hujampigia mteja simu.